Majira ya Nukta

Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro, Kibuye,
na Jumapili kelele za soko hupanda hadi kwenye kibodi.
Mimi hupanga kurasa: ripoti, kalenda, ratiba za mazishi,
na safari hii grafu ya mto Nyando,
kazi ya mhandisi Lusweti. Aitaka Ijumaa.

Nikaandika lebo, "Mto wavunja kingo",
nikaitundika kwa jicho
theluthi mbili toka kushoto, karibu na dari ya fremu.
Majira ya ukurasa. Ikakaa vizuri.
Nikanywa chai.

Kisha yakaja madaftari yaliyochelewa,
Septemba hadi Februari.
Jira likajinyoosha kuyapokea,
nukta za masika zikasukumwa kulia, zikabanana
kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.
Lebo haikubanduka.
Ilibaki pale pale ikiapa kwa sauti kuu
mbele ya mwezi usiohusika.
Lusweti akapiga simu: "Februari?
Februari ng'ombe walivuka bila kulowa magoti!"

Majira, neno moja.
Masika ni majira, na nukta nayo ina majira yake,
nami nilikuwa nimetaja ya karatasi
nikayasahau ya mvua.

Nikaifunga upya: tarehe tatu Mei,
sentimita mia nne na kumi.
Sasa vuta jira, lifinye,
lebo yaiandama nukta yake kama ndama.
Milimita mbili juu, isiikalie.
Ukae karibu kama jirani msibani,
ila usimzibe mfiwa.

Baada ya hapo mstari ukaporomoka.
Tarehe nne: sitini na mbili.
"Maji yalishuka upesi," akasema Lusweti, akafurahi.
Nami nikafurahi, maana mstari unaoporomoka
huacha nafasi nyeupe ya kuandikia.

Alhamisi akaja Dorka Nyagudi kutoka Ahero
kuulizia malipo yake.
Ndiye msomaji wa kipimo, asubuhi na jioni, miaka kumi na tisa.
Sikuwahi kumwona; nilijua tu saba zake,
zenye mkia uliokatwa katikati.
Akaitazama skrini kama mtu anayetazama picha ya harusi
akitafuta alikosimama.
Kidole chake kikatua kwenye tarehe nne.

"Hapa hayakushuka."

Usiku wa tatu mto ulikula kipimo,
nguzo na bati lake la namba.
"Ningefanyaje? Kazi ni kazi.
Nikapima kutoka kizingiti changu,
kwa rula ya mjukuu. Sitini na mbili.
Niliandika nikiwa juu ya meza,
na kuku wawili."

Nikaliangalia daftari tena.
Mwandiko ule ule, wino ule ule, safu ile ile.
Sifuri mbili.
Moja ilikuwa chini ya daraja, ya serikali,
nyingine ilikuwa jiwe la mlangoni pake,
na mimi nilikuwa nimezivutia mstari mmoja,
mwekundu, unene nukta nane.

Nikamuuliza: toka sifuri ya mto
hadi kizingiti ni sentimita ngapi?
Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.
"Wewe, nani alijenga mlango wake
akiuhesabu kwa mto?"

Jumatatu tutakwenda, yeye na mimi
na fundi mwenye bomba la plastiki linaloangaza,
lile la kusawazishia msingi:
unalijaza maji, unanyanyua ncha hii na ile,
nayo maji yenyewe husema palipo sawa.
Lusweti amepiga mara tatu. Sijapokea.

Mstari nimeukata kati ya tatu na nne.
Lebo nimeifungua kwenye nukta yake,
nikairudisha pembeni, juu kushoto,
kwa majira ya ukurasa,
mahali ambapo haidai lolote.
Ingoje huko.